Ndugu wa Mgonjwa

Nilifika Magamba nikiwa na begi moja na mwenzangu mmoja. Mwenzangu alikuwa Mnyaturu wa Singida, mwanamke kama mimi, mrefu, Mwislamu, asiyependa maneno mengi asubuhi. Tulifahamiana Bulwa, kwenye mashamba ya chai, ambako tulichuma bega kwa bega na kulala chumba kimoja kambini. Korona ilipoingia duniani, chai ikakosa mwendo. Mnyapara akaanza kutuita kwa zamu, wiki hii hawa, wiki ijayo wale, na mwishowe sisi tuliotoka mbali tukaambiwa tusubiri, tutaitwa. Tulisubiri mpaka unga ukaisha. Mwenzangu akasema amesikia upande wa Lushoto, kule juu Magamba, wanatafutwa vibarua wa kuvuna kabichi na kupalilia miche ya miti. Basi tukashuka mlima mmoja, tukapanda mwingine.

Kwetu ni Kigoma, upande wa Kasulu. Ndivyo ninavyosema mtu akiniuliza njiani. Nikikaa na mtu ninayemwamini huongeza kwamba mama yangu alivuka mpaka kutoka Burundi akiwa na mimba yangu, akanizaa kambini, na baadaye akaolewa na Muha aliyenilea kama wake. Baba huyo alifariki kabla makaratasi yangu hayajakaa sawa. Kwa hiyo nilikuwa mtu mzima asiye na kitambulisho, na mtu wa namna hiyo hujifunza mapema kutougua. Kichwa kikiuma unakunywa maji, unalala. Tumbo likisumbua unatafuta majani. Hospitali ina dirisha, nyuma ya dirisha kuna mtu, na mtu yule ana maswali.

Tulipata chumba kwa mjane mmoja wa Kishambaa, Mlutheri, mwenye umri wa kutosha kuwa bibi yetu. Nyumba yake ilikuwa chini kidogo ya barabara, karibu na mahali msitu unapoanzia, na nyuma yake kulikuwa na chumba chenye mlango wa peke yake, kikiangalia miti ya mapeasi. Tulipokwenda kukiomba nilikuwa nimejiandaa kwa maswali. Alituuliza moja tu: kwetu tunakula nini. Mwenzangu akasema ugali wa uwele, mimi nikasema maharage na samaki wa migebuka. Akafikiri kidogo, akasema, "Uwele hapa hamtapata. Maharage yapo." Tukahamia siku ileile.

Alikuwa na sharti moja. Asubuhi, kabla ya kutoka, tumsalimie. Tulipita chini ya dirisha lake na majembe begani, tukasema, "Shikamoo mama," naye akaitikia, "Marahaba wanangu," halafu akatusalimia tena kwa Kishambaa, "Onga makeo?" na hakuturuhusu kuondoka mpaka tumejibu sawasawa. Mwenzangu alijibu haraka ili aende zake. Mimi nilichelewa, kwa sababu baadhi ya maneno yake yalinikumbusha ya mama yangu, na nilipenda kuyasikiliza. Alikuwa na kisukari na miguu iliyovimba jioni, lakini sauti yake ilikuwa ya mtu mwenye nguvu.

Mwaka wa kwanza wa korona ulipita tukinawa mikono kwenye ndoo zenye bomba, kanisani, dukani, ofisi ya kijiji. Kisha ndoo zikabaki bila maji, watu wakarudi kushikana mikono. Ulipoingia mwaka wa pili, misiba ikaanza kufuatana. Watu hawakupenda kuutaja ugonjwa kwa jina. Walisema fulani alipata changamoto ya upumuaji, wakanyamaza. Na pale penye kunyamaza palikuwa na jambo jingine ambalo tulilisikia tukipita: kwamba hawa vibarua wanaozunguka huku na huku ndio wanaobeba haya mambo. Sikuwalaumu sana. Ni kweli tulizunguka. Tulibanana nyuma ya gari la kwenda shambani, tukalala wawili kitanda kimoja, tukanywa maji kikombe kimoja. Kama ugonjwa ule ungekuwa na macho ungetuchagua.

Ulinipata kwenye kabichi. Ulikuwa msimu wa ukungu, ule wa kufika mpaka magotini, na nilidhani ni baridi tu. Nikahisi mgongo kama umepigwa, kisha homa, kisha kikohozi kikavu. Niliendelea kwenda kazini. Kibarua anayekohoa haitwi kesho yake, na asiyeitwa hali. Tena nilijifunza kukohoa ndani ya kitenge, kwa kujibana, ili wa safu ya pili asisikie. Mwenzangu alisikia, kwa kuwa tulilala pamoja. Alikwenda kukata majani ya mkaratusi, akayachemsha, akanifunika blanketi juu ya sufuria. Alilikamata lile blanketi pembeni ili mvuke usitoke, na uso wake mwenyewe ulikuwa karibu sana na wangu. Nilimwambia asogee. Akasema, "Nisogee niende wapi? Chumba ndicho hiki."

Asubuhi moja sikuweza kuinuka. Nilikuwa nikivuta pumzi na pumzi haifiki. Mwenzangu naye hakutoka. Jua lilipoanza kuchoma ukungu tukasikia fimbo ya mama mwenye nyumba ikigonga mawe ya uani.

"Leo sijasikia shikamoo zangu," alisema akiwa nje ya mlango.

Mwenzangu akafungua kidogo. "Shikamoo mama. Mwenzangu mgonjwa. Usiingie, ni kifua."

Nikasikia fimbo ikirudi nyumbani, nikajua ndiyo basi, anakwenda kuita watu watutoe. Sikuona kosa lake. Alikuwa mzee, alikuwa na kisukari, na redio ilikuwa imekwisha kusema ni watu gani ugonjwa huu unawamaliza. Lakini fimbo ikarudi. Alikuwa amejifunga kitenge puani na mdomoni, akaufungua mlango wote, na dirisha, akakaa kwenye kigoda pale kizingitini.

"Umeanza lini?"

"Juzi, mama," nilisema.

"Wiki nzima," alisema mwenzangu.

"Na kwa nini hamkusema?"

Nilijaribu kutafuta jibu zuri nikakosa hewa ya kulisemea. Likatoka lile la kweli. "Sina kitambulisho, mama. Wakiniuliza pale hospitali, sina."

"Unavyohema hivyo," alisema, "kitambulisho cha nini? Vaa sweta."

Alimsimamisha dereva wa Canter aliyekuwa anateremsha kabichi kwenda Mombo. Walisemezana kwa Kishambaa, na mimi nilikuwa nimeegemea ukuta nikiona tu mikono ya dereva ikikataa. Kisha mikono ikaacha kukataa. Dereva alijizungushia shali usoni, akashusha vioo vyote, akanipandisha mbele. Nilidhani mama mwenye nyumba atanisindikiza kwa macho. Badala yake alimpa mwenzangu funguo za nyumba kubwa, akamwambia awape kuku maji, akapanda na yeye, fimbo yake ikiwa katikati yetu. Njia ya kuteremka Lushoto ina kona nyingi, na kila kona alinishika kifuani kwa mkono mmoja nisianguke mbele. Mkono ule ulikuwa mzito na wa moto. Ndio ninaoukumbuka zaidi kuliko kitu chochote cha siku ile.

Hospitalini tulikaa kwenye benchi la nje. Akaja nesi kijana, barakoa usoni, macho mekundu kwa uchovu. Akanibana kidole kwa kile kifaa kidogo cha kupima hewa, akakisoma, akakisoma tena.

"Ndugu wa mgonjwa ni nani?"

Yeyote aliyewahi kulazwa katika hospitali zetu anajua uzito wa swali lile. Ndugu wa mgonjwa ndiye anayeleta uji, ndiye anayefua, ndiye anayekimbilia dawa duka la nje ikikosekana ya ndani, ndiye anayeitwa ikibidi kuitwa. Mgonjwa asiye na ndugu ana kitanda tu. Ndugu zangu walikuwa upande wa pili wa nchi.

"Mimi hapa," alisema mama mwenye nyumba.

"Ni nani yako, mama?"

"Mwanangu."

Nesi alimtazama, akanitazama mimi. Hatukufanana hata kucha. "Mama," alisema kwa upole, "una umri. Ungemleta mwingine wa kumuuguza. Huu ugonjwa si mzuri kwenu."

"Mwingine yuko nyumbani anawapa kuku maji," alijibu. "Mwekee hewa huyu, mimi nitajiangalia."

Sikuulizwa kitambulisho. Sijui kama swali lilisahaulika, au nesi aliiona midomo yangu ilivyobadilika rangi akaamua maswali mengine yangoje. Nimemfikiria sana nesi yule. Aliniwekea mipira puani, akafungua mtungi, na hewa ilipoingia nililia, maana nilikuwa nimesahau jinsi kupumua kunavyokuwa.

Mama mwenye nyumba alikuwa na dada wa marehemu mumewe pale Lushoto mjini. Akalala kwa huyo, na kila asubuhi akaja na chupa ya uji. Ndani hawakumruhusu. Alimkabidhi nesi mlangoni, kisha akazunguka nyuma ya jengo, akasimama kwenye majani nje ya dirisha langu na kunisalimia kwa sauti ya kanisani. Siku za kwanza sikuweza kujibu. Alijibu mwenyewe kwa niaba yangu, akaniambia habari za kuku, akaondoka.

Kitanda cha jirani yangu kilikuwa na dada mmoja aliyetoka kwenye mashamba ya mkonge, kule chini kwenye joto. Kwao ilikuwa Kusini, mbali kama kwetu. Naye hakuwa na ndugu. Siku ya pili au ya tatu nesi alipoleta uji wangu, akauliza dirishani kama mama anaweza kuongeza kidogo kwa jirani yangu huyo. Kesho yake chupa zikawa mbili. Yule dada hakupenda sukari, na mama mwenye nyumba alilishika hilo, akawa anamwekea chumvi kidogo na kumwambia kupitia dirishani kwamba hata yeye wamemkataza sukari, kwa hiyo wao wawili ni wa chama kimoja. Dada yule alicheka. Alikuwa na kicheko kizuri, kilichomgharimu pumzi nyingi.

Alifariki mchana mmoja, mimi nikimtazama. Haikuwa na kelele. Alikuwa anahema kwa haraka, kisha polepole, na nesi akamshika mkono mpaka mwisho. Mama mwenye nyumba alipokuja kesho yake na chupa mbili, nesi alitoka akamwambia pale nje. Nilimwona akikaa chini kwenye majani, mzee yule, akaiweka chupa ya pili mapajani. Baadaye nilisikia kwamba ni yeye aliyepata namba ya wenzake wa kule mkonge, akapiga mpaka wakapatikana, wakaja na gari kumchukua wamzike wao. Kabla hawajafika alikuwa amenunua kanga ya kumfunikia. Alisema haifai mtu aondoke mlimani na shuka la hospitali.

Katika siku hizo ndipo mwana wa mama mwenye nyumba alipopiga simu. Alikuwa fundi magari Tanga mjini, mwanawe pekee aliyebaki. Mama alikuwa amesimama dirishani kwangu simu ilipoita, akaipokea palepale. Alikuwa na ile simu ndogo yenye sauti kubwa, nami nikasikia sauti zote mbili.

"Mama, nimeambiwa uko hospitali na mpangaji. Ni kweli?"

"Kweli."

"Mama, una kisukari. Ukipata haya mambo tutakuzika. Yule si ndugu yetu. Ana watu wake."

"Watu wake wako Kigoma. Wewe unajua Kigoma ni wapi? Mimi sijui. Najua ni mbali."

"Nakuja kukuchukua."

"Njoo," alisema. "Ukija pita Soni unibebee tangawizi."

Nilitamani kumwambia arudi na mwanawe. Nilitamani kwa dhati. Lakini nilipofungua mdomo nikasikia mwili wangu wote unaomba asiende, nikaufunga. Alinitazama kupitia kioo, akaniambia nimalize uji.

Mwanawe alikuja siku niliyoruhusiwa. Alikuwa mwanamume mnene mwenye vidole vyeusi vya grisi, na alisimama mbali nasi kidogo pale nje, barakoa mbili usoni. Alimsalimia mamaye, "Shikamoo mama," akaitikiwa, kisha wakasemezana kwa Kishambaa kwa muda. Sikuelewa yote. Nilielewa kwamba alitaka mamaye apande mbele na mimi nitafutiwe pikipiki, na kwamba mamaye alikuwa amekwisha kukaa kiti cha nyuma, akapiga kile cha kando yake kwa kiganja ili nije nikae.

Tulipanda Magamba vioo vyote vikiwa chini. Ukungu uliingia garini, ukatoka upande wa pili. Nilitetemeka meno yakagongana, mama mwenye nyumba akavua shali lake akanizungushia. Mwanawe, yule kaka, aliendesha macho yakiwa barabarani. Nilikuwa nimejiandaa kulisikia lile ambalo angelisema, na kulikubali, kwa sababu mama yake angeweza kufa kwa ajili yangu na sote ndani ya gari tulijua hilo. Tulipofika pale mlima unapokuwa mkali, akapunguza mwendo, akanitazama kwenye kioo.

"Dada," alisema, "tukipanda huku juu hewa ikikuishia, niambie nisimame."

"Ahsante, kaka," nilisema.

"Tutasimama tu. Hatuna haraka."

Alisimama mara kadhaa bila kuombwa.

Mwenzangu alitupokea uani. Alikuwa amekonda. Naye alikuwa ameumwa tulipokuwa Lushoto, si sana, lakini peke yake. Ndipo nikasikia yaliyotokea. Watu walikuwa wamemkataza kuchota maji kwenye bomba la jirani, wakamwambia akachote mtoni. Alikwenda mtoni na homa yake, kimyakimya, kama alivyofanya mambo yote. Mama mwenye nyumba alipoambiwa, hakugombana na mtu. Jioni ile alichukua ndoo yake mwenyewe, akaenda bombani na fimbo, akachota, akakaa juu ya jiwe na ndoo imejaa miguuni pake kama mtu anayepumzika. Waliokuja kuchota walimsalimia mmoja mmoja kwa heshima, naye akawaitikia mmoja mmoja, akawauliza habari za watoto wao. Kila mmoja alitaka kumbebea ile ndoo. Alikataa. Alisema anamsubiri binti yake wa Singida aje kuibeba. Mwenzangu akaitwa, akaja, akaibeba mbele yao wote. Kuanzia hapo bomba likawa letu kama la wengine, na mmoja wa wanawake wale baadaye alituletea viazi, akaviacha mlangoni bila kusema vya nini.

Nilikaa muda mrefu nisiweze kubeba hata jembe. Mama mwenye nyumba alinipa kazi za kukaa: kuchambua maharage, kumenya mapeasi, kumsomea maandiko kwa vile macho yake yalikuwa yameanza kufifia. Yeye hakuugua. Sijui kwa nini. Wapo waliokuwa na afya kuliko yeye waliokufa bila mtu wa kuwashika mkono, na wapo waliojifungia ndani wakapatwa. Sina maelezo. Nashukuru tu, na shukrani yangu haina maneno mengi.

Mama yangu alipopata habari kupitia simu ya jirani yake, akataka kusema na huyo mama. Mama yangu Kiswahili chake ni cha kuokoteza. Mama mwenye nyumba hajui Kirundi wala Kiha. Niliwasha sauti, nikaweka simu mezani, nikajiandaa kutafsiri, lakini hawakunisubiri. Mama yangu alisema kwa lugha ya kwao, maneno mengi, akilia. Mama mwenye nyumba alisikiliza akiwa amefumba macho, akajibu kwa Kishambaa, polepole, akirudia neno moja, hongea, hongea, ambalo huku ndiyo ahsante. Kila mmoja alikuwa anamshukuru mwenzake. Sikujua mama mwenye nyumba anashukuru nini. Nilipomuuliza, alisema, "Kwa kunipa mtu wa kunisomea."

Mwenzangu alirudi Bulwa chai ilipoanza kwenda tena. Anasema kambi imepakwa chokaa, na sasa hulala wachache kidogo chumbani. Mimi nilibaki. Kuhusu kitambulisho, mtendaji wa kijiji ameniandikia barua, nimekwenda na kurudi, bado naitwa na kuambiwa nisubiri, lakini safari hii nasubiri nikiwa na watu wanaouliza imefikia wapi. Nimekodi kipande cha shamba juu kidogo ya nyumba, nalima karoti. Kifua hakijarudi kama zamani. Kwenye mteremko husimama na kushika kiuno, na wapitao hudhani ninaangalia mandhari.

Msimu wa kwanza wa karoti nilipeleka kikapu kanisani siku ya mavuno, kama wanavyofanya huku, mazao yanawekwa mbele na baadaye hunadiwa nje chini ya miti. Mchungaji akaniita niseme shukrani yangu ni ya nini. Nilikuwa nimepanga hotuba kichwani kwa wiki nzima: mama, nesi, mwenzangu, dereva wa kabichi, yule kaka, yule dada wa mkonge. Nilisimama mbele ya watu wote wale, waliovaa sweta zao za Jumapili, na maneno yakanikimbia. Nikasema nilikuwa mgonjwa, sasa ninalima karoti. Watu wakacheka kwa wema, mtu mmoja nyuma akaanzisha wimbo, na mimi nikarudi kukaa.